Ralph Bunche: mchezaji wa basket aliyekataa mlango uliofunguliwa kwa mtu mmoja

Kwa wakaaji wengi wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, ONU ni magari meupe na askari wenye kofia za buluu. Lakini mtu wa kwanza aliyeongoza kazi ya ONU katika inchi yetu, mwaka 1960, alikuwa mtu mweusi. Nyanya yake, mama ya mama yake, alizaliwa utumwani. Yeye mwenyewe katika ujana wake alikuwa mchezaji wa basket wa chuo kikuu, na alikuwa amejifunza Kiswahili.

Jina lake ni Ralph Bunche, Mmarekani aliyefariki mwaka 1971. Vitabu vinamtaja kwanza kama mtu mweusi wa kwanza duniani kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kuna kisa kingine kinachosimuliwa mara chache, kilichotokea kwenye klabu ya tenisi mjini New York, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kongo. Kisa hicho kinaonyesha alivyofikiri juu ya ukuta wa rangi, na maana ya kweli ya kuuvunja.

Mtoto wa kinyozi

Bunche alizaliwa Detroit mwaka 1903, ingawa maandiko mengi yanataja 1904. Baba yake alikuwa kinyozi. Mama yake alikuwa mgonjwa, na jamaa ilihamia Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, kutafuta hewa kavu. Haikusaidia. Mama alifariki mwaka 1917, na baba alikuwa ameondoka. Nyanya, Lucy Johnson, aliwachukua Ralph na dada yake Grace, akawapeleka Los Angeles kuwalea.

Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, lakini neno lake halikupingwa nyumbani. Aliwafundisha watoto wasimnyenyekee mtu kwa sababu ya rangi yake, na wasome mpaka mwisho.

Kwenye shule ya sekondari ya Jefferson, Ralph alikuwa wa kwanza katika masomo. Hata hivyo hakuingizwa katika chama cha wanafunzi bora wa mji, kwa sababu alikuwa mweusi. Alikuwa kijana wa miaka 18 au 19, na tayari alijua kwamba alama nzuri peke yake hazitoshi kufungua mlango.

Uwanjani, na ufagio mkononi

Mwaka uleule wa 1922 aliingia chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, kinachojulikana leo kwa jina la UCLA. Malipo ya masomo yalitoka kwenye msaada aliopewa kwa sababu ya michezo. Pesa za matumizi alizipata kwa kazi ya kufagia na kusafisha majengo.

Alicheza kabumbu ya Kimarekani mpaka mguu ukaumia. Kisha akabaki kwenye basket, akicheza nyuma, nafasi ya kulinda na kupanga mchezo. Timu zake zilitwaa ubingwa. Wakati huo katika Marekani, majimbo ya kusini yalitenga weusi na wazungu kwa sheria: shule, treni, hospitali, hata viwanja. Upande wa California sheria haikuwa kali namna hiyo, lakini mazoea yalifanya kazi ileile. Mweusi mwenye jezi ya chuo kikuu, akicheza pamoja na wazungu, alikuwa jambo la nadra.

Alimaliza mwaka 1927 akiwa wa kwanza kati ya wenzake wote. Chuo kikuu cha Harvard kilimpa msaada wa masomo, lakini nauli na maisha vilibaki juu yake. Weusi wa Los Angeles walikusanya dola 1,000 ili aende. Mwaka 1934 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata udaktari wa sayansi ya siasa katika chuo kikuu cha Marekani. Utafiti wake ulihusu utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey, inayoitwa leo Benin.

Baada yake, wanafunzi wengine weusi wa UCLA walipita njia ya uwanja. Kenny Washington alifungua tena mlango wa ligi kubwa ya kabumbu ya Kimarekani mwaka 1946. Jackie Robinson, aliyecheza michezo minne chuoni, aliingia ligi kubwa ya besiboli mwaka 1947, baada ya weusi kufungiwa nje kwa zaidi ya miaka 50.

Kiswahili alichofundishwa na Kenyatta

Mwaka 1937 Bunche alikuwa London kwa masomo. Huko alitaka kujiandaa kwa safari ya Afrika, akatafuta mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu aliyempata alikuwa Mkenya aliyekuwa akisoma pia mjini humo: Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Kenya.

Kisha Bunche alisafiri Afrika Kusini, na mwaka 1938 akafika Kenya, kati ya Wakikuyu. Kwa mjukuu wa mtumwa, safari ile haikuwa ya masomo tu.

Watu wa kusini mwa Maniema wanaweza kuelewa jambo hilo haraka. Kiswahili kilifika kwetu kwa njia ya misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kuingia Kasongo na Nyangwe. Njia ileile iliyoleta lugha ilipeleka pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo.

Klabu iliyofungwa

Baada ya vita vya pili vya dunia, Bunche aliingia ONU. Mwaka 1948, mpatanishi wa ONU katika vita vya Waarabu na Waisraeli, Mswidi Folke Bernadotte, aliuawa Yerusalemu. Bunche alichukua nafasi yake. Katika kisiwa cha Rhodes aliwaweka wajumbe hotelini kwa wiki nyingi, na saa za jioni alicheza nao biliadi. Mwaka 1949 Misri, Lebanoni, Yordani na Siria zilitia sahihi, moja baada ya nyingine, mapatano ya kusimamisha vita na Israeli. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1950.

Katikati ya sifa hizo, rais Harry Truman alimtaka awe mmoja wa wakubwa wa wizara ya mambo ya inje. Bunche alikataa. Washington bado ilitenga weusi, na hakutaka kurudisha jamaa yake kuishi chini ya utaratibu huo.

Alikaa Queens, sehemu ya mji wa New York, karibu na West Side Tennis Club ya Forest Hills. Klabu hiyo ndiyo ilipokea mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani. Mwaka 1950 Althea Gibson alikuwa mweusi wa kwanza kucheza mashindano hayo, na alitwaa kombe pale mwaka 1957 na 1958. Watu waliona kwamba ukuta umekwisha anguka.

Mwaka 1959 mwana wa Bunche, Ralph mdogo, mwenye miaka 15, alikuwa akifundishwa tenisi na mwalimu wa klabu hiyo. Mwalimu alishauri kijana awe mwanachama. Bunche aliuliza kwa simu. Mkubwa wa klabu alimjibu kwamba weusi hawapokelewi, na Wayahudi pia.

Bunche hakunyamaza. Habari ilipofika kwenye magazeti, kukawa kelele katika inchi nzima: namna gani mtu mwenye Tuzo ya Nobel afungiwe mlango? Mkubwa yule alijiuzulu, klabu iliomba msamaha, na Bunche na mwanawe wakaalikwa kuwa wanachama.

Alikataa mwaliko. Aliona wazi kwamba klabu ilimfungulia kwa sababu ya jina lake kubwa, si kwa sababu ilikubali usawa wa rangi. Kijana mweusi asiye na baba mashuhuri angebaki inje kama kawaida.

Huku kwetu, wakati huohuo, serikali ya Wabelgiji ilitumia mlango wa namna hiyo. Miji ya koloni ilikuwa na mtaa wa wazungu na cité ya weusi. Tangu 1948 kulikuwa na kadi ya sifa za kiraia kwa wale walioitwa evolue, na tangu 1952 uandikishaji uliowapa wachache haki fulani za wazungu, baada ya kuchunguzwa hata ndani ya nyumba zao. Patrice Lumumba, aliyewahi kufanya kazi Kalima, hapa Maniema, aliupata mwaka 1954. Mamilioni ya wengine walibaki inje.

Kongo, mwaka 1960

Bunche alifika Leopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 1960, siku tano kabla ya uhuru. Alitumwa na Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld kusaidia serikali mpya. Tarehe 5 mwezi wa 7 askari wa Force Publique waliasi. Wabelgiji walirudisha majeshi yao, na tarehe 11 Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga. Kasavubu na Lumumba waliomba msaada wa ONU, na askari wa kwanza walifika tarehe 15. Bunche, ambaye hakuwa mwanajeshi, aliwaongoza kwa siku za kwanza mpaka jenerali alipofika.

Hapo ndipo sifa yake iligongana na matumaini ya Wakongomani. Tarehe 4 mwezi wa 8 alikwenda Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kutayarisha kuingia kwa askari wa ONU Katanga. Watu wa Tshombe walitishia vita. Bunche alishauri askari wasubiri, akiogopa damu nyingi.

Kwa Lumumba, kusubiri huko kulikuwa kumwachia Tshombe. Alikuwa amemwona Bunche kama Mmarekani kwanza, na uhusiano wao uliharibika. Bunche aliondoka Kongo mwisho wa mwezi wa 8. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961. Katika Maniema, ambako chama chake kilikuwa na wafuasi wengi, hasira juu ya ONU ilibaki muda mrefu.

Ni hesabu ngumu kwa mtu huyu. Aliyekataa kungojea mlangoni pa klabu ya tenisi ndiye aliyewaomba Wakongomani wangoje Katanga. Wanaomtetea wanasema aliokoa maisha ya askari na raia. Wanaomlaumu wanasema muda ule ulimpa Tshombe nguvu, na Katanga ilirudi tu mwanzoni mwa 1963.

Miaka ya mwisho

Aliendelea na kazi ya ONU karibu mpaka kifo chake. Mwaka 1965, akiwa na ugonjwa wa sukari, alitembea pamoja na Martin Luther King katika maandamano ya Selma kudai haki ya weusi kupiga kura.

Mwaka 1968, kwenye nyasi za klabu ileile ya Forest Hills, kombe la wanaume la mashindano ya wazi ya Marekani lilichukuliwa na Arthur Ashe, mweusi wa kwanza kulipata. Ashe alisoma UCLA, kama Bunche.

Ralph Bunche alifariki New York tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1971. Kwenye UCLA, chuo alichokifagia akiwa mwanafunzi, moja ya majengo makubwa lina jina lake.