Robert Koch: Tabibu aliyekuja Ziwa Victoria kupambana na malale

ROBERT Koch alikuwa tayari ameshinda Tuzo ya Nobel alipoweka kambi katika kisiwa cha Bugala, visiwani Ssese, Uganda, mwaka 1906. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwaangamiza wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walifariki Uganda pekee kati ya 1900 na 1920.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 mjini Clausthal, Ujerumani, na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866. Akiwa daktari wa wilaya, alithibitisha mwaka 1876 kuwa kimeta husababishwa na bakteria. Mnamo Machi 24, 1882 alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu, na sifa zake zikaenea duniani kote.

Hata hivyo, mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu kabla ya kuipima vya kutosha. Dawa hiyo haikuponya, na baadhi ya wagonjwa walikufa. Lilikuwa pigo kubwa kwa heshima yake.

Huko Bugala, Koch aliwadunga wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Vimelea vinavyoenezwa na mbung'o vilitoweka katika damu, wengi wakapata nafuu, na habari za mzungu mwenye dawa zikawavuta mamia ya wagonjwa kambini.

Furaha hiyo haikudumu. Vimelea vilikuwa vimejificha ndani ya ubongo, mahali ambapo dawa haikuweza kufika ipasavyo, na ugonjwa ukarejea. Koch akaongeza kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu moja. Maumivu na kizunguzungu vikafuata, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka kabisa. Ikambidi arudi kwenye kipimo cha awali. Aliondoka mwaka 1907, bado akiitetea dawa hiyo na kupendekeza wagonjwa watengwe kambini.

Koch alifariki Mei 27, 1910 mjini Baden-Baden. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, alikuwa ameonyesha mwaka 1909 jinsi vimelea hivyo vinavyokua ndani ya mbung'o.

Karne moja baadaye, mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza katika orodha ya dawa muhimu matibabu yanayochanganya vidonge vya nifurtimoksi na eflonithini ya mishipani, dhidi ya malale ya Afrika Magharibi na Kati yaliyofika ubongoni. Mchanganyiko huo ulikubaliwa baada ya kupimwa kwa wagonjwa na madhara yake kujulikana.

Agosti 2025, WHO ilithibitisha kuwa Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Wale waliopofuka Bugala hawakuiona siku hiyo, lakini gharama waliyolipa inawakumbusha matabibu, wa hospitali na wa mitishamba, kwamba dawa isiyopimwa, iwe moja au iliyochanganywa, huweza kumdhuru yule inayokusudiwa kumwokoa.