Mganga Aliyesikiliza Vifua

René Laennec alizaliwa Ufaransa mwaka 1781, akawa mganga, Mkristu mwenye ibada. Mwaka 1816, mjini Paris, alitibu mwanamke kijana mgonjwa wa moyo. Kwa heshima hakulaza sikio kifuani pake. Alikunja karatasi, akasikiliza kwayo, akasikia vema. Ndipo akachonga bomba la mti, akajifunza kutambua magonjwa ya mapafu kwa sauti zao. Mwaka 1826 Mériadec, kijana wa jamaa yake, alimsikiliza Laennec mwenyewe kwa chombo kile, akagundua kifua kikuu. Mwaka ule ule alifariki.

Wapenzi wakatekumeni, hata leo, vijijini mbali na Kamina, pasipo mashine ya picha, mganga husikiliza hivyo. Mwenye kikohozi kisichokoma asijifiche. Aende asikilizwe, makohozi yapimwe.