Alois Alzheimer na madoa meupe ya ubongo

Mzazi mwenye umri mkubwa anapofanyiwa kipimo cha MRI cha kichwa, mara nyingi majibu husema kuna mabadiliko katika sehemu nyeupe ya ubongo. Anayemuuguza husoma maneno hayo, hushtuka, na jina la kwanza linalomjia ni Alzheimer. Jina hilo ni la daktari mmoja wa Ujerumani. Kabla hajauchunguza ugonjwa unaoitwa kwa jina lake, alikuwa ameshachunguza ugonjwa mwingine, wa mishipa midogo ya damu ya ubongo. Huo wa pili ndio unaohusiana zaidi na madoa hayo.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni 1864 huko Marktbreit, mji mdogo wa Bavaria. Alihitimu udaktari mwaka 1887 kwa utafiti juu ya tezi zinazotengeneza nta ya masikio, jambo lililo mbali kabisa na ubongo. Mwaka uliofuata alipata kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Mchana alikaa na wagonjwa na kuzungumza nao. Jioni aliinamia hadubini, pamoja na rafiki yake Franz Nissl, akichunguza ubongo wa wale waliofariki. Njia nyingine ya kuuona ubongo haikuwepo. Kipimo cha CT kilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1971 huko London, na MRI ikaja baadaye.

Ubongo una sehemu ya kijivu, penye chembe zinazofikiri na kukumbuka, na sehemu nyeupe, penye nyuzi zinazopeleka habari kutoka eneo moja hadi jingine. Nyuzi hizo zimefunikwa kwa utando wa mafuta, kama waya wa umeme ulivyofunikwa kwa plastiki, na weupe wake unatokana na mafuta hayo. Sehemu nyeupe iliyo ndani kabisa hulishwa na mishipa ya damu mirefu na myembamba sana. Presha ikikaa juu kwa miaka mingi, kuta za mishipa hiyo hukakamaa na kuwa nene, njia ya damu hubana, na nyuzi zinazotegemea damu hiyo huanza kuharibika polepole. Kwenye picha ya MRI maeneo hayo hung'aa kuliko yanayoyazunguka, nayo ndiyo huitwa madoa meupe.

Daktari Otto Binswanger wa Jena aliandika juu ya uharibifu huu mwaka 1894. Alzheimer aliufuatilia kwa hadubini, akaeleza jinsi mishipa ilivyochakaa, na mwaka 1902 akauita ugonjwa wa Binswanger. Napenda tabia hiyo: kazi kubwa aliifanya yeye, jina akampa mwenzake.

Miaka hiyo ilikuwa migumu nyumbani kwake. Mkewe Cecilie alifariki mwaka 1901 na kumwachia watoto watatu wadogo, nao wakalelewa na shangazi yao, dada yake Alzheimer. Novemba mwaka huohuo aliletwa hospitalini mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter, ambaye mumewe hakuweza tena kumtunza nyumbani: alisahau, alichanganyikiwa, alimshuku mumewe bila sababu. Alifariki mwaka 1906. Wakati huo Alzheimer alikuwa amehamia Munich, akaomba aletewe ubongo wake. Alikuta mabonge ya uchafu kati ya chembe, na ndani ya chembe nyuzi zilizojisokota. Novemba 1906 alieleza hayo mbele ya madaktari mjini Tübingen, na hawakuonyesha hamu kubwa. Mkuu wake, Emil Kraepelin, ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la Alzheimer mwaka 1910.

Kwa hiyo doa jeupe kwenye picha halimaanishi kwamba mzazi wako ana Alzheimer. Magonjwa haya mawili huweza kumpata mtu mmoja, hasa uzeeni, lakini ripoti yenye madoa peke yake haitoshi kuthibitisha. Watu wengi waliopita miaka 60 wana madoa machache na wanaishi vizuri. Ukiona neno Fazekas kwenye ripoti, ni kipimo cha 0 hadi 3: 1 ni vidoa vilivyotawanyika, 2 vimeanza kuungana, 3 vimekuwa eneo kubwa. Yakifika huko juu, hatari ya kiharusi na ya kupoteza kumbukumbu huongezeka, na mara nyingi mwendo huwa mzito, mtu huanguka, hujibu kwa kuchelewa, au hushindwa kuzuia mkojo.

Muulize daktari presha yake ni ngapi, sukari ikoje, na kama anavuta sigara. Presha ndiyo yenye uzito zaidi, na inatibika. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa watu wenye presha walioshushwa zaidi kwa dawa, madoa yaliongezeka kidogo kuliko kwa wenzao. Yaliyokwisha kutokea kwa kawaida hayafutiki, ila kasi inaweza kupunguzwa. Usimwachishe dawa kwa sababu siku hizi anajisikia vizuri, wala usimwongezee mwenyewe. Lengo la presha kwa mzee hupangwa na daktari wake. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakipotea ghafla, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Kama kipimo ni cha mtoto, habari hii haimhusu. Kwa mtoto, hasa aliyezaliwa njiti, sababu ni nyingine na huhitaji daktari wa watoto. Hata kijana mwenye kipandauso anaweza kuwa na vidoa vichache.

Mwaka 1912 Alzheimer aliteuliwa kuwa profesa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, akaugua akiwa njiani kwenda huko. Moyo haukupona, figo nazo zikadhoofika. Alifariki tarehe 19 Desemba 1915, akiwa na miaka 51, akazikwa Frankfurt kando ya Cecilie.