Baron wa Kilimanjaro Aliyeuawa Bardera

Ukitoka Garissa kwa njia ya Dadaab na Liboi, utamwona juu ya migunga ndege wa jamii ya hondohondo, mwenye kifua cheupe na mdomo mrefu uliopinda. Dume mdomo wake ni mwekundu wenye ncha ya rangi ya maziwa; wa jike ni mweusi. Wataalamu wa ndege wamempa jina la Mzungu mmoja, Baron Karl Klaus von der Decken. Na huko Kilimanjaro, juu ya msitu penye baridi kali, kuna mmea mkubwa wa ajabu unaofunga majani yake usiku. Huo nao umepewa jina lake.

Nilipomwona jina lake liko nyikani na liko mlimani, nilitaka kujua mtu huyu alifikaje kote kuwili. Nimeyasoma maisha yake, na jambo lililonishika ni tofauti ya safari zake mbili kubwa. Ile ya mlima aliipanga kwa desturi ya misafara ya pwani akarudi salama. Ile ya mto Juba aliipanga kwa mashine, na haikumrudisha.

Alizaliwa mwaka 1833 katika jimbo la Brandenburg, nchi ya Wajerumani, akawa askari katika jeshi la Hanover. Mwaka 1860 aliacha jeshi. Alikuwa tajiri, na safari zake alizigharimia mwenyewe. Mwaka huo huo alifika Unguja, wakati wa utawala wa Sayyid Majid bin Said, akitarajia kuungana na Mjerumani mwenzake, Albrecht Roscher. Kumbe Roscher alikuwa amekwisha kuuawa karibu na ziwa Nyasa. Decken akaanzia Kilwa kwenda kutafuta karatasi za marehemu, akarudi bila kuzipata.

Ndipo akaugeukia mlima Kilimanjaro. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmishonari wa Rabai, alikuwa ametangaza kwamba ameona theluji juu ya mlima huo. Mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuiona hata Mombasa, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mabishano hayo yangemalizwa na mtu wa kupanda tu.

Lakini kupanda kulianza mbali na mlima. Mtu wa Mombasa aliyetaka kwenda Uchagani alikuwa na maswali matatu ya kujibu kabla ya kufunga mzigo. Swali la kwanza lilikuwa maji. Baada ya mashamba ya pwani kuna nyika ya Taru, na humo maji hupatikana katika ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayoshika maji ya mvua. Mvua zikipungua, ngurunga hukauka, na msafara ulilazimika kupinda njia kuufuata mlima wa Kasigau ambako kuna chemchemi. Swali la pili lilikuwa chakula: kila mpagazi aliyebeba bidhaa alihitaji kula, na chakula cha kununua hakikuwapo mpaka ufike kwa wakulima. Swali la tatu, nalo ndilo lililowashinda wengi, lilikuwa hongo. Rebmann mwenyewe aliona mali yake ikimalizwa na Mangi Mamkinga wa Machame mwaka 1849, akarudi mikono mitupu. Kwa hiyo ilibidi kuchukua shanga, merikani na nyaya za shaba, na kuzigawa kwa hesabu ili nyingine zibaki kwa njia ya kurudia.

Hayo yote watu wa pwani waliyajua zamani. Vitabu vya Wazungu husema fulani aligundua njia. Mimi naona njia ilikuwapo, na mgeni alionyeshwa na wapagazi na viongozi waliokwisha kuipita mara nyingi wakifuata pembe.

Mwaka 1861 Decken alitoka Mombasa pamoja na Mwingereza Richard Thornton, mjuzi wa mawe aliyekuwa ameachana na msafara wa Livingstone. Walipita Kasigau na ziwa Jipe, wakafika Kilema. Huko walijaribu kupanda, lakini mvua na ukungu viliwarudisha walipokuwa kama mita 2,500 tu. Msitu wa mlima ule haukuwa na njia ya msafara. Hapo mtu alikata mwenyewe, na watu wa joto waliovaa shuka moja hawakuweza kulala katika baridi ile. Decken hakulazimisha. Alipima kwa mbali, akachora ramani, akarudi pwani kujipanga upya.

Mwaka uliofuata alikwenda tena, safari hii na Otto Kersten. Mwishoni mwa Novemba 1862 walipanda kutoka upande wa Moshi, wakapita msitu, wakafika mita 4,280 hivi. Usiku theluji iliwaangukia wao wenyewe. Kileleni hawakufika, kwa kuwa kilele cha Kibo ni mita 5,895, lakini ubishi wa London ulikwisha. Alitaka pia kuvuka nchi ya Wamasai, akazuiliwa. Hapo nako akarudi. Mwaka 1864 Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London kilimpa nishani ya dhahabu.

Sasa tuje kwenye mto Juba. Decken aliagiza meli mbili za mvuke, Welf na Passepartout, akinuia kuingia bara kwa maji. Ukiwa na meli huna haja ya ngurunga wala ya wapagazi wengi, na mizigo huibebi kichwani. Mpango ulionekana mzuri. Mwaka 1865 Passepartout ilivunjika mlangoni mwa Juba, kabla safari haijaanza. Welf ikaendelea peke yake.

Barua ya Sayyid ilikuwa na nguvu pwani, si Bardera. Na mgeni katika nchi ya Wasomali alihitaji abaani, mwenyeji wa kumdhamini. Dhamana hiyo ilisikika katika ukoo wa abaani, na mto hupita katika nchi za koo nyingi. Msafara wa miguu husimama kila kijiji, wazee wakaamkiwa, habari zikatangulia. Meli hupita tu. Nionavyo mimi, hapo ndipo mpango ulipopasuka, kabla ya mwamba kuupasua.

Tena Bardera haikuwa mji wa hivi hivi. Ulianzishwa na jamaa ya watu wa dini chini ya Sheikh Ibrahim, waliokataza tumbaku, ngoma na biashara ya pembe. Mwaka 1840 walifika kuiteka Barawa. Mwaka 1843 Sultani Yusuf wa Geledi aliuteketeza mji wao. Walioujenga tena walikuwa bado wanakumbuka moto ule. Meli ya chuma inayotoa moshi, imejaa bunduki na Wazungu, wangeipokeaje?

Mnamo Septemba 26, 1865, Welf iligonga miamba ya maporomoko juu ya Bardera. Decken na daktari Hermann Link waliteremka mjini kutafuta msaada. Kambi ilishambuliwa Oktoba mosi, Wazungu wawili wakafa, na waliosalia wakakimbia kwa mashua hadi baharini. Decken na Link waliuawa Bardera siku hizo hizo. Decken alikuwa na umri wa miaka 32. Richard Brenner, mmoja wa walionusurika, alirudi pwani mwaka 1866 kuulizia habari zake, na Kersten akaandika vitabu vya safari zake.

Mwaka 1891 nahodha mmoja Mwingereza, Dundas, alipanda mto Tana kwa meli iliyoitwa Kenia, akapita hapa ulipo mji wa Garissa, kisha akaiacha meli na kuuelekea Mlima Kenya kwa miguu, msitu ukamrudisha. Mwaka uliofuata aliipeleka Kenia katika mto Juba. Alifika Bardera, akaiona Welf ingali imekaa juu ya miamba baada ya miaka 27, naye akageuza.