William Taft na Chama cha Siri cha Yale

Mwanangu, umewahi kusikia chama cha wanafunzi ambacho yasemwayo ndani hayatakiwi kutoka nje? Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kinacho kimoja kiitwacho Skull and Bones, yaani Fuvu na Mifupa. Kilianzishwa mwaka 1832, na kwa desturi kila mwaka huchagua wanafunzi 15 tu.

Mmoja wa waanzilishi alikuwa Alphonso Taft. Mwanawe, William Howard Taft, naye akaingia. Mlango wa baba ulikuwa wazi, sikatai. Lakini usidhani alibebwa: mwaka 1878 alihitimu akiwa wa pili darasani.

Ndoto yake ilikuwa Mahakama ya Juu. Akiwa gavana Ufilipino, Rais Roosevelt alitaka kumpa ujaji huo. Akakataa, kwa kuwa kazi ya huko haijaisha. Mkewe, Nellie, alimtaka awe rais. Akawa, mwaka 1909, wala hakuufurahia. Mwaka 1912 aligombea tena, akapata majimbo mawili tu kati ya 48. Jamani!

Akarudi Yale kufundisha sheria. Mwaka 1921, na umri wa miaka 63, ndipo akateuliwa Jaji Mkuu. Aliiacha kazi hiyo Februari 1930, mgonjwa, mwezi mmoja kabla ya kufariki.