Manute Bol: Mlinzi Aliyezuia Kuliko Alivyofunga

Kaa kwenye kijiwe chochote cha mpira wa kikapu hapa chuoni, utasikia majina ya wafungaji tu. Jordan, Kobe, LeBron, Curry. Mlinzi hana mtetezi. Na siku Manute Bol akitajwa, anatajwa kwa kicheko: yule jamaa wa Sudan, mwembamba, mrefu hadi akasimama mita 2.31. Mazungumzo yanaishia kwenye urefu, kana kwamba urefu ulikuwa unacheza peke yake na mwenyewe amekaa benchi.

Sasa chukua namba mbili tu. Katika maisha yake yote ya NBA, Bol alifunga pointi 1,599. Mitupo ya wapinzani aliyoizuia, ile wanakikapu wanayoiita bloki, ni 2,086. Yaani alizuia kuliko alivyofunga.

Kwetu Digodigo, wilayani Ngorongoro, Wasonjo tunalima kwa maji ya mifereji. Mtama ukianza kukomaa, lazima awepo mtu wa kushinda shambani akifukuza ndege na nyani. Ni kazi ya jua kali, haina heshima, na mara nyingi anapewa mtoto. Siku ya mavuno watu wanahesabu madebe. Hakuna anayehesabu ndege waliofukuzwa. Mimi namwelewa Bol kwa njia hiyo. Alikuwa mtu wa kufukuza ndege katika mchezo unaohesabu madebe.

Kwa kumbukumbu rasmi alizaliwa Oktoba 1962, katika jamii ya Wadinka, eneo la Turalei, ambalo leo liko Sudan Kusini. Alikulia kwenye ng'ombe. Mpira wa kikapu aliujua akiwa tayari kijana mkubwa, akaucheza mjini Wau na baadaye Khartoum. Mwaka 1982 kocha wa Kimarekani, Don Feeley, alifika Sudan kufundisha, akamwona, akamshawishi avuke bahari.

Marekani haikumpokea kwa maua. Kiingereza hakukijua, wala kukisoma. Mwaka 1983 timu ya San Diego Clippers ilimchagua, lakini ligi ikasema usajili huo haufai. Akarudishwa kwenye kujifunza lugha kwanza. Wenzangu tuliotoka shule za kata, tukaingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo limegeuka Kiingereza, tunajua maana ya kuwa na uwezo mkononi na kukosa maneno ya kuuonyesha. Bol aliingia Chuo Kikuu cha Bridgeport, Connecticut, chuo cha daraja la pili kimichezo, akacheza msimu wa 1984/85. Mwaka 1985 Washington Bullets wakamchukua katika raundi ya pili.

Alifika akiwa na takriban kilo 80 tu, kwenye ligi ya mabaunsa. Walimsukuma kila walipopenda. Lakini msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, wastani wa mitano kwa mechi, na hakuna mchezaji mgeni aliyewahi kufikisha idadi hiyo. Aliongoza ligi nzima na kuchaguliwa katika kikosi cha pili cha walinzi bora. Msimu wa 1988/89, akiwa Golden State Warriors, akaongoza tena kwa bloki 345. Pamoja na hayo, hakuwahi hata mara moja kuitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Mchezaji anayefunga pointi mbili tatu kwa mechi, nani ampigie kura?

Na kuna kazi ambayo hata hizo namba haziioni. Mikono yake ikinyooshwa ilifika karibu mita 2.6 toka ncha hadi ncha. Mshambuliaji aliyekuwa anakwenda kikapuni alimwona Bol, akasita, akarudisha mpira nyuma au akaurusha juu kupita kiasi ukakosa. Mtupo ambao haukurushwa hauandikwi popote. Asiyeujua mchezo ataona jamaa mrefu amesimama tu.

Ila sehemu ya maisha yake ninayoiheshimu zaidi ni ile ya mwishoni, ambayo wengi huiruka. Kufikia miaka ya 1990 mwili ulianza kumgomea. Dakika zikapungua. Wengine wakifika hapo hununa, au wanakuja mazoezini kukamilisha mkataba. Bol alizidi kujifunza. Mechi moja ya Machi 1993, akiwa Philadelphia dhidi ya Phoenix, alitupia vikapu sita vya pointi tatu katika kipindi cha pili. Uwanja ulicheka na kushangilia kwa pamoja. Lakini jiulize: mtu hujaribu mitupo 12 ya mbali kwenye mechi moja bila kuifanyia mazoezi?

Msimu wa 1993/94 alipita timu tatu. Miami alicheza mechi 8, Washington 2, Philadelphia 4. Ukisoma haraka utasema amechoka, anahangaika. Soma tena. Washington kulikuwa na kijana wa Kiromania, Gheorghe Mureșan, mrefu kama yeye. Philadelphia kulikuwa na Shawn Bradley, naye mrefu wa kutisha. Bol aliwasaidia vijana hao kujifunza namna ya kuuishi mchezo ndani ya miili ambayo makocha wengi hawakuijua. Alikuwa mwalimu, hata kama mkataba ulisema mchezaji. Na katika zile mechi nne za Philadelphia bado alipata bloki 9.

Golden State wakampa nafasi tena mwaka 1994. Alicheza mechi 5, goti likaharibika mwezi Novemba, na NBA ikaisha hapo. Alihangaika bado kwenye ligi ndogo, akaenda Italia, akaenda Qatar, mpaka baridi yabisi ikamsimamisha kabisa.

Wakati wote huo nyumbani kulikuwa na vita. Ndugu zake wengi waliuawa. Sehemu kubwa ya fedha alizopata uwanjani aliipeleka kwa watu wa kusini mwa Sudan. Alirudi Khartoum, mambo yakamwendea vibaya, akatoka kwa shida kupitia Misri, na mwaka 2002 akaingia Marekani kama mkimbizi, hana kitu. Mwaka huo huo alipanda ulingoni kupigana ngumi za maonyesho kwenye televisheni, akavalishwa pia jezi ya mpira wa magongo wa barafuni ilhali hajui hata kuteleza. Watu walicheka sana. Wengi hawakujua kwamba alikuwa anatafuta fedha za watoto wa Sudan. Aliujua utani, akaukubali, akaugeuza mtaji. Mwaka 2004 alipata ajali ya gari, akavunjika shingo. Aliponyanyuka, akaendelea na mpango wa kujenga shule Turalei.

Alifariki tarehe 19 Juni 2010, hospitalini Virginia, muda mfupi baada ya kutoka Sudan kwenye kazi hiyo. Alikuwa na miaka 47. Walimrudisha kumzika Turalei. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka uliofuata, Julai 2011.

Wanachuo wenzangu, hasa tunaosomea ualimu: tutapelekwa shule ambazo matokeo yetu yatapimwa kwa idadi ya divisheni one. Mwalimu aliyemzuia binti asiache shule, aliyemshika kijana asiishie kwenye gongo, hataonekana kwenye jedwali lolote la mkoa. Tukisubiri kuhesabiwa ndipo tufanye kazi, kuna watoto tutawapoteza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Misri, Bol alikutana na familia ya wakimbizi kutoka nchi yake, akawafundisha watoto wao kushika mpira wa kikapu. Mmoja wao aliitwa Luol Deng. Alikua, akacheza NBA, kisha akawa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Mwaka 2024 timu hiyo ilicheza Olimpiki ya Paris na kuifunga Puerto Rico. Ukitafuta jina la Bol kwenye karatasi ya matokeo ya mechi ile, hulikuti.