Maisha ya Mwalimu Enoch Sontonga

Watoto wa shule zetu hapa Nanyala husimama na kuimba Wimbo wa Taifa, nasi watu wazima huuimba siku za sherehe. Walakini ni wachache wanaojua habari za mtu aliyetunga sauti yake. Hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa mwalimu wa shule ya misioni na kiongozi wa kwaya, kama walivyo wengi watakaosoma kitabu hiki cha Jubilei. Kwa hiyo yafaa tuyasimulie maisha yake.

Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa, alizaliwa Uitenhage katika Afrika ya Kusini, yapata mwaka 1873. Alijifunza ualimu katika chuo cha misioni cha Lovedale, kisha akapelekwa Nancefield, karibu na Johannesburg, kufundisha katika shule ya misioni ya Wamethodisti. Siku zile Johannesburg ulikuwa mji wa machimbo ya dhahabu. Watu wa makabila mengi walikusanyika huko, mbali na makwao, wakifanya kazi ngumu kwa ujira mdogo. Kati ya watu hao mwalimu alifundisha, akahubiri, tena akajua na kazi ya kupiga picha. Alimwoa Diana, binti wa mchungaji Mgqibisa, wakapata mtoto mmoja mwanamume.

Kazi aliyoipenda ni kuwatungia wanafunzi wake nyimbo, maneno na sauti pamoja. Aliziandika katika daftari kwa herufi za do, re, mi, maana ndizo zilizofundishwa shuleni. Nyingi zilikuwa za huzuni, kwa kuwa aliziona taabu za watu wake. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo wa kuliombea bara letu baraka za Mungu. Mwaka 1899 uliimbwa mbele ya mkutano wa watu, Boweni alipowekewa mikono kuwa mchungaji wa Wamethodisti.

Mwalimu huyu hakuishi siku nyingi. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, hata miaka arobaini hakuifikia. Viongozi wa kwaya walikuja kwa mjane wake kuazima nyimbo. Hatimaye daftari lile likapotea. Lakini wimbo ule haukupotea, kwa sababu ulikuwa umekwisha ingia vinywani mwa watu. Kwaya ya shule ya Ohlange, ya John Dube, iliueneza. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa huko Bloemfontein, chama kikuu cha Waafrika wa nchi ile kilipoanzishwa. Mwaka 1927 mshairi Mqhayi aliuongezea beti saba. Hata Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, sauti yake ikawa ya Wimbo wetu wa Taifa, na maneno yakawekwa kwa Kiswahili.

Kaburi lake lilisahauliwa kwa miaka mingi. Watu walilitafuta kwa jina la Sontonga wasilione, kumbe katika daftari la makaburi ya Braamfontein aliandikwa kwa jina la Enoch tu. Mwisho likajulikana, na tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alifunua mnara wa ukumbusho mahali pale.

Basi, walimu na viongozi wa kwaya, msiidharau kazi yenu kwa kuwa ni ya watoto na ya kijijini. Sontonga aliwatungia watoto wa darasa lake, wala hakujua kwamba mataifa yatamwomba Mungu kwa sauti ile. Mpandaji alilala mapema. Mavuno twayala sisi.